Mayai Zaidi Kutoka kwa Kuku Wale Wale



Katika vikundi vyetu, kuanzia Othaya na Mukurwe-ini mpaka Naro Moru, kuna maswali mawili ambayo hayakosi. La kwanza: "Kuku wangu wanazunguka shamba lote, mbona mayai hayaonekani?" La pili hufuata mara moja: "Basi ninunue kuku wa aina gani?" Toleo hili tunajibu la kwanza kwa kirefu, kwa sababu anayelielewa la kwanza mara nyingi haulizi tena la pili. Kuku ulio nao nyumbani wanaweza kukupa mayai mara mbili ya yale unayookota sasa, na hatua iliyo kubwa kuliko zote haina gharama ya pesa.

KUKU SI MVIVU

Kuku wa kienyeji akiachwa ajipange mwenyewe, ana kazi tatu anazozifanya kwa zamu. Kwanza hutaga mayai 12 hadi 15, kwa muda wa wiki tatu hivi. Pili huyaatamia, au huyalalia kama tunavyosema wengi, kwa siku 21. Tatu, vifaranga wakitoka huwalea miezi miwili na nusu au mitatu. Wakati wa kulalia na wakati wa kulea hatagi.

Sasa hebu tupige hesabu. Kutaga wiki 3, kulalia wiki 3, kulea wiki 11: jumla wiki 17. Mwaka una wiki 52, kwa hivyo kuku huyu ataupata mzunguko huo mara tatu tu. Mara tatu kwa mayai 13 au 14 ni mayai 40 hivi kwa mwaka. Na katika hayo 40, mengi amelalia. Ndiyo sababu mama mwenye kuku watano anakosa yai la kumpa mtoto aliyetoka hospitalini.

Angalia tena hiyo hesabu. Kati ya wiki 51 za mizunguko mitatu, wiki 33 zimekwenda kwa kulea. Kuku hakuwa mvivu hata siku moja. Alikuwa mama. Hata Bwana Yesu alipotaka kuonyesha uchungu wake kwa watu wa Yerusalemu alichukua mfano wa kuku na vifaranga wake. Lakini sisi tunajua pia matokeo ya kazi hiyo ngumu: katika nyumba nyingi nusu ya vifaranga, au zaidi, hufa kabla ya kufika miezi miwili. Mwewe huchukua wake, nguchiro wake, baridi na magonjwa vyake. Kwa hivyo kuku anatumia miezi mitatu kulea vifaranga kumi na kubaki na wanne.

HATUA YA KWANZA: TUMPUNGUZIE KUKU KAZI

Kama tunataka mayai, basi hizo wiki 11 za kulea ndizo tunazozitafuta. Njia ni mbili.

Njia ya kwanza ni kuondoa vifaranga mapema. Kuku akilalia akaangua, vifaranga wake wapewe kuku mwingine au walelewe na mwenye nyumba. Mama yao akilishwa vizuri hurudi kutaga baada ya wiki mbili hadi nne. Mzunguko unakuwa wiki 9 au 10 badala ya 17. Kwa mwaka ni mizunguko mitano, yaani mayai 65 hivi.

Njia ya pili ni kumzuia asilalie kabisa. Kuku akianza kukatalia kwenye kiota, kuvimbisha manyoya na kulia kwa sauti ya chini, usimpige wala kumtumbukiza kwenye maji baridi. Mweke siku tatu hadi tano katika tundu au kikapu ambacho chini yake ni fito zilizoachana, hakina nyasi, na hewa inapita chini yake. Mpe chakula na maji kama kawaida. Akikosa joto la kiota ile hamu ya kulalia huisha, na baada ya wiki moja mbili hivi huanza kutaga tena. Kwenye karatasi, kuku wa namna hii angeweza kufika mayai 130. Lakini yai haliundwi na karatasi. Kuku wetu wa kienyeji akilishwa vizuri anaweza kukaribia 80 hadi 100. Asipolishwa atakonda na kunyamaza.

Lakini wote wakizuiwa kulalia, kuku wa mwaka ujao watatoka wapi? Hapo ndipo kikundi kinapoingia.

KUANGUA KWA PAMOJA

Tuseme una kuku watano. Chagua watatu ambao ni walezi wazuri. Wa kwanza akianza kulalia, mpe mayai mawili ya uongo, kama yaliyochemshwa, akae juu yake akiwangoja wenzake. Wa pili na wa tatu wakianza, ondoa mayai ya uongo usiku na uwape wote mayai mazuri siku hiyo hiyo, 10 hadi 13 kila mmoja.

Mayai ya kuanguliwa yasizidi siku 10 tangu yatagwe. Yawekwe mahali pa baridi kidogo, ncha nene ikiwa juu, na yaandikwe tarehe kwa penseli. Usiyaoshe. Yawe ya kuku aliyepandwa na jogoo. Hapa tuseme wazi jambo ambalo wengi hubishania: kuku hahitaji jogoo ili atage. Jogoo anahitajika tu kwa mayai ya vifaranga, na mmoja anatosha kuku kumi.

Siku ya saba, usiku, mulika kila yai kwa tochi. Lenye uhai huonyesha mishipa kama mizizi myembamba. Lililo wazi kabisa halina kitu, litoe.

Siku ya 21 kuku watatu wataangua pamoja. Usiku wa pili, kusanya vifaranga wote na uwape kuku mmoja, yule mpole na mwenye mabawa makubwa. Kwa baridi yetu ya Nyeri, ambako hata mjini tuko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, asipewe zaidi ya 15 au 18. Waliobaki walelewe kwenye sanduku, au wapewe jirani wa kikundi ambaye kuku wake ameangua siku hizo hizo. Wale kuku wawili walioachiliwa watarudi kutaga mapema. Nyumba moja imeangua vifaranga 25 au 30, na ni kuku mmoja tu aliyelipa kwa miezi yake.

SANDUKU LA VIFARANGA

Chukua katoni kubwa na ndogo. Weka ndogo ndani ya kubwa, na katikati yake shindilia nyasi kavu pande zote na chini. Juu funika kwa gunia safi, ukiacha nafasi ya hewa. Vifaranga hulala humo na kupashana joto wao kwa wao. Mchana hutoka kula na kuota jua mahali palipozungushiwa waya.

Usiku wasikilize. Wakilia na kurundikana, wana baridi; ongeza nyasi. Wakihema na kutawanyika, wana joto, fungua kidogo. Wanaotumia jiko la makaa wawe waangalifu sana: chumba kilichofungwa na jiko linalowaka huua vifaranga, na huua watu pia.

Wiki nane za kwanza vifaranga wapewe chakula chao maalumu, hata kama ni kidogo. Kama pesa ni chache, ni afadhali kununua chakula cha vifaranga kuliko cha kuku wakubwa. Mkubwa anajua kujitafutia.

CHAKULA: TUSIUZE MAYAI KUNUNUA GUNIA

Hapa tunataka msomaji achukue kalamu. Tuseme kuku wako watano wametoka mayai 40 mpaka 90 kila mmoja. Umeongeza mayai 250. Tukichukua shilingi 15 kwa yai, ni shilingi 3,750. Sasa, kila kuku ukimpa gramu 50 za chakula cha dukani kila siku, kwa mwaka kuku watano watakula kilo 91. Kilo ikiwa shilingi 50, umetumia shilingi 4,550. Umepata hasara ya shilingi 800, na kazi yote umefanya! Weka bei za soko lako mwenyewe uone. Chakula cha dukani kimetengenezewa kuku wa biashara wanaotaga karibu kila siku. Kwa kuku wa kienyeji, shamba ndilo liwe duka.

Kuku anayetaga anahitaji vitu vitatu. Cha nguvu: mahindi yaliyosagwa au kupondwa, mtama, maganda ya viazi na ndizi yaliyochemshwa, mabaki ya githeri. Cha kujenga mwili: mchwa, funza wa kwenye mbolea, maharagwe yaliyopikwa, mashudu ya alizeti, omena. Hiki ndicho kinachokosekana zaidi. Kuku wengi wetu wameshiba mahindi lakini hawana cha kuundia yai. Cha tatu ni mboga na madini: sukuma wiki iliyozeeka, terere, managu, na kitu chenye chokaa.

Kwa kikundi kinachonunua pamoja, mchanganyiko huu wa kilo 10 unafaa kuku wanaotaga:

Mahindi yaliyosagwa: kilo 5 na nusu
Mashudu ya alizeti: kilo 1 na nusu
Pumba ya ngano: kilo 1 na gramu 400
Omena iliyosagwa, isiyo na mchanga: kilo 1
Chokaa ya mifugo: gramu 600
Chumvi: kijiko kimoja cha mezani, kisawazishwe

Kuku kumi wakipewa nusu kilo kwa siku, kilo 10 zitawafikisha siku 20. Wape jioni, kiganja kimoja kila kuku, ili mchana watafute wenyewe na usiku walale wameshiba. Wape wanaotaga tu. Jogoo na walioatamia wana chakula chao. Na chokaa hiyo isipewe vifaranga, huwaharibu figo.

Asiyepata chokaa atumie maganda ya mayai. Yakaushe kwenye jiko, yasage yawe unga kabisa. Ukiyatupa mazima, kuku watajifunza kula mayai yao.

Onyo moja. Tumezoea kusema mahindi yaliyooza "ni ya kuku". Mahindi yenye ukungu yana sumu kuvu. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 katika nchi yetu, hasa Makueni na Kitui. Kuku anayeila hupunguza mayai na hudhoofika, na sumu nyingine hupita ikaingia kwenye yai na maini. Mahindi ya ukungu ni ya kuharibiwa.

MAJI NA MWANGA

Robo tatu ya yai ni maji. Kuku anayetaga hunywa karibu robo lita kwa siku, na akikosa maji siku moja mayai hupungua kwa siku kadhaa. Maji ya matope yaliyo nyuma ya bafu si maji ya kuku. Weka chombo safi kivulini na ukioshe kila asubuhi.

Mwanga nao huuamsha mwili wa kuku utage. Vitabu vya Ulaya huzungumza sana juu ya taa za majira ya baridi, kwa sababu kule mchana hufupika. Sisi tuko juu ya Ikweta, mstari wenyewe unapita Nanyuki, na mchana wetu ni saa 12 mwaka mzima. Tatizo letu ni lingine: kuku wanafungiwa katika chumba cha giza mpaka saa mbili au saa tatu asubuhi, watoto wakishaenda shule. Fungua saa kumi na mbili na nusu. Au weka dirisha la waya upande wa jua la asubuhi.

NYUMBA NA KIOTA

Nyumba ya mabanzi inatosha, mradi isivuje, isiwe na upepo wa kuwapiga wakilala, na iwe na hewa juu karibu na paa. Ukiingia asubuhi na macho yakawasha, kuku nao wanaumia. Weka fito za kulalia, kila kuku sentimita 20.

Kiota kimoja kwa kuku watano kinatosha. Kiwe cha upana na urefu wa sentimita 30, kwenye kona yenye giza, chenye nyasi kavu. Pasipo kiota kizuri, kuku hutaga kwenye majani chai au chini ya mabunzi, na wewe husema hatagi. Acha yai moja la uongo humo ili ajue pa kurudi. Okota mayai kila siku. Nyasi zibadilishwe na majivu yanyunyizwe chini, maana utitiri na viroboto humfukuza kuku kwenye kiota. Weka pia karai la majivu na udongo mkavu aogee.

NEWCASTLE: HAPA NDIPO TUNAPOPOTEZA KILA KITU

Yote tuliyosema yanaweza kufutwa kwa wiki moja. Mnajua hali yenyewe: leo kuku mmoja amesinzia, kesho watatu wanaharisha kijani na kugeuza shingo, Jumapili banda ni tupu. Ni ugonjwa wa Newcastle, ulioitwa hivyo kwa jina la mji wa Newcastle upon Tyne, Uingereza, ulikoonekana mwaka 1926. Wengine huuita kideri. Hauna dawa. Pilipili, mwarobaini na majivu havijawahi kuuponya. Una chanjo tu.

Chanjo iko. Taasisi yetu ya KEVEVAPI huitengeneza hapa Kenya, na huuzwa kwenye maduka ya agroveti. Kwa kila kuku gharama ni ndogo sana, haifiki bei ya yai moja. Mbona basi wengi hawachanji? Sababu ni chupa. Chupa huwa na dozi 100 au zaidi, mara nyingine 50. Ikishachanganywa inatakiwa itumike ndani ya saa mbili hivi. Mama mwenye kuku wanane haoni sababu ya kununua dozi 100 na kumwaga 92. Anangoja. Na jirani yake anangoja. Ugonjwa haungoji.

Kwa hivyo chanjo si kazi ya nyumba moja, ni kazi ya kikundi. Nyumba 12 zenye kuku wanane kila moja zina kuku 96: hiyo ni chupa moja. Fanyeni hivi:

1. Kubalianeni siku tatu kwa mwaka, miezi minne kati yake, kwa mfano Februari, Juni na Oktoba. Ile ya Oktoba huwalinda kabla ya Krismasi, wakati kuku wengi wanahamishwa sokoni na ugonjwa husafiri nao.
2. Jioni ya jana yake kila nyumba ifungie kuku wake, na ilete hesabu na pesa kwa mweka hazina.
3. Alfajiri watu wawili wachukue chanjo kwa chupa ya chai yenye barafu. Chanjo iliyopata joto ni maji tu.
4. Tone moja katika jicho moja la kila kuku, na mtu angoje apepese.
5. Msichanje kuku aliyeonyesha ugonjwa.
6. Hata asiye mwanakikundi, kuku wake wachanjwe. Kuku hawajui mipaka ya kikundi.

Mara ya kwanza mwiteni afisa wa mifugo wa wadi awafundishe. Kuku mgeni, hata wa zawadi, akae peke yake wiki mbili kabla ya kuchanganywa. Na yule ambaye kuku wake wameanza kufa asikimbie Karatina kuuza waliobaki. Tunajua shida ya pesa, lakini huko ni kupeleka msiba nyumbani kwa mwingine.

NANI ABAKI, NANI AUZWE

Pasaka au mgeni akija, tunakamata kuku gani? Yule mnene, mzuri. Tukifanya hivyo miaka kumi, tunabaki na uzao wa wale waliokosa mnunuzi. Tugeuze desturi hiyo. Anayetaga vizuri ana upanga mwekundu na laini, na ukiweka vidole kati ya mifupa miwili ya nyuma, viwili au vitatu vinaingia. Huyo abaki. Asiyeingiza hata kidole kimoja, na yule aliyepita miaka mitatu, ndio wa mgeni.

Jogoo abadilishwe kila mwaka kati ya nyumba au kijiji na kijiji, asije akapanda binti zake. Jambo hili si geni: Mpango wa Taifa wa Kuendeleza Kuku, ulioanzishwa mwaka 1976 kwa msaada wa Uholanzi, uliwabadilishia wakulima majogoo. Na wale kuku walioboreshwa wa KALRO Naivasha? Ni wazuri, hutaga mara nyingi kuliko wa nyumbani. Lakini hawapendi kulalia, na wanadai chakula. Aliyeshindwa kuwachanja na kuwalisha kuku watano wa kienyeji, hao nao watamshinda.

DAFTARI NA PESA

Nunua daftari moja. Andika kila siku mayai yaliyookotwa, yaliyoliwa, yaliyouzwa, waliokufa na pesa zilizotoka. Baada ya miezi mitatu daftari litawaambia ukweli kuliko mgeni yeyote.

Na tuzungumze jambo la nyumbani. Mara nyingi kuku ni wa mama mpaka siku ya kuuzwa, kisha anakuwa wa baba. Mama aliyeamka kufungua banda na kuosha chombo cha maji asipojua pesa imekwenda wapi, ataacha kuamka. Mkae mkubaliane kabla: mayai mangapi ni ya watoto kila wiki, na ya sokoni pesa yake ni ya karo, ya merigoraundi, au ya nini. Mtoto ale kwanza.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kuku wetu wote ni wangapi, na wanatosha chupa ngapi za chanjo?
2. Mwaka jana tulipoteza kuku wangapi kwa ugonjwa? Wangelipa nini?
3. Ni nyumba zipi tatu zitakazoanza kuangua kwa pamoja mwezi huu?
4. Nani atapanda alizeti au terere ya kuku kwenye mpaka wa shamba?
5. Pesa ya mayai nyumbani kwetu huamuliwa na nani?

Anzeni na chanjo, kisha kuangua kwa pamoja, kisha chakula. Mpango huo usipinduliwe. Mungu awabariki, na kazi ya mikono yenu.